Mwalimu wa Bondeni Alivyofika Songea

Kwa miezi mingi watu wa Lizaboni, mtaa wetu hapa Songea, walinisikiliza karibu kila jioni bila kujua kwamba wanayemsikiliza ni mimi. Walinijua kwa kazi yangu nyingine. Nilikuwa dada wa flashi, yule anayekaa dirishani kwenye banda la video, anayekuingizia nyimbo na muvi kwenye simu, anayepokea kiingilio na kukukumbusha usiingie na sigara. Ikifika saa ya kuanza nilifunga dirisha, nikazunguka kwa nyuma, nikaingia kwenye kichumba kilichotengwa na ukumbi kwa pazia zito la bluu, nikashika maiki. Kuanzia hapo nilikuwa DJ.

Wanaojua mabanda yetu wanajua kazi ya DJ wa muvi. Picha inatoka nje, inazungumzwa lugha ambayo hakuna mtu ukumbini anayeielewa. DJ anaipunguza sauti yake na kuongea juu yake kwa Kiswahili. Yeye peke yake ndiye jambazi, ndiye polisi, ndiye mama mzazi anayelia, na mbwa akibweka, DJ anawaambia watu amebwekea nini. Banda lenye DJ mzuri linajaa hata kama mabenchi yamevunjika. Lenye DJ mbaya linabaki na mwenye banda na jamaa zake.

Kazi hiyo sikuiomba. DJ aliyekuwepo aliondoka kwenda Dar es Salaam bila kuaga, siku ambayo watu wameshalipa na kukaa. Mwenye banda, mzee wa Kiyao kutoka Namasakata kule Tunduru, aliyekuja Songea zamani kufuata biashara ya korosho akaishia kwenye video, alikuwa anatoka nje na kurudi ndani kama mtu aliyepoteza funguo. Nikamwambia, "Baba, mimi nasoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini ya picha. Naweza kujaribu."

"Wewe?"

"Hawatajua. Sikiliza." Nikamsemea maneno machache ya jambazi.

Akanifunulia pazia.

Nina sauti nzito, na nimekuwa nayo tangu nikiwa msichana mdogo. Kwenye simu watu wananiita kaka. Kijijini kwetu, jirani na Hanga, mwalimu wa kwaya alinijaribu na akina mama wa sauti ya kwanza, akanihamishia sauti ya pili, mwisho akaniweka na wanaume, na kanisa zima likageuka kutazama binti gani huyo amesimama kule. Jumapili iliyofuata aliniita pembeni, akaniambia kwa upole kabisa kwamba niwe nafungua mdomo tu, nisitoe sauti. Nilifungua mdomo bila kutoa sauti mpaka nikamaliza shule. Kwa hiyo utaelewa nilivyojisikia siku ile ya kwanza nyuma ya pazia, nilipowasikia wanaume upande wa pili wanacheka mahali pa kucheka na kushtuka mahali pa kushtuka, na kinachowachekesha na kuwashtua ni ile ile sauti.

Muvi ilipokwisha mzee aliniambia, "Binti, umeniokoa. Lakini tukae kimya. Wateja wangu ni vijana wa bodaboda, wapiga debe wa stendi na mafundi gereji. Wakijua ni mwanamke, nusu watakuja kukuchungulia, nusu watasema banda limeharibika. Na mama yako kule kijijini atapelekewa maneno ya uongo. Wacha waamini wanavyoamini."

Nilikubali bila kinyongo. Nilipenda hata ule mchezo wa kukaa dirishani asubuhi na kuambiwa na mteja, "Dada, mwambie yule jamaa jana alikuwa moto." Nami nikimjibu, "Nitamfikishia." Walimtungia yule jamaa habari. Wengine walisema ni Mnyakyusa wa Mbeya, wengine walisema alikuwa mwanajeshi, na kuna fundi mmoja aliyeapa kwamba amewahi kunywa naye pombe ya komoni.

Ndipo ikaja muvi ya mwalimu.

Ilikuja katikati ya rundo la muvi nyingine ambazo mpwa wake mzee alituletea kutoka mjini. Kwenye picha ya jalada alikuwepo mwanamke ameshika fagio. Mzee akadhani ni muvi ya ngumi na kwamba fagio ndilo silaha yenyewe. Kwa kawaida naitazama muvi peke yangu kabla ya kuitafsiri, nijue nani ni nani. Ile niliitazama mchana pale dirishani, na mteja aliyekuja kutaka nyimbo za injili alinikuta nimeinamisha kichwa, akauliza kama nimefiwa.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Kulikuwa na mji mlimani, na chini yake bonde. Watu wa bondeni ndio waliowaosha na kuwazika maiti wa mji mzima, tangu mababu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekula nao, hakuna aliyechota maji kisima kimoja nao, wala kuoa kwao. Msichana mmoja wa bondeni akatoroka akiwa mdogo, akasoma mbali, akabadilisha jina, akarudi mjini kama mwalimu, akapanda mpaka akawa mwalimu mkuu anayeheshimiwa. Aliwaambia watu kwamba wazazi wake wamekufa. Baba yake alikuwa hai. Akasikia habari zake, akaanza kupanda mlima na kuuza mafagio kwenye geti la shule ili amwone tu. Alijua binti yake amejificha, na hakutaka kumharibia. Kila asubuhi alisema, "Mwalimu, fagio?" na mwalimu alijibu, "Leo sihitaji, mzee," akapita.

Nilimweleza mzee. Akauliza, "Hakuna anayepigwa?"

"Anayepigwa yupo. Ila si kwa ngumi."

"Weka Jumatano," akasema. "Jumatano hakuna mpira."

Tatizo langu lilikuwa neno moja. Maandishi ya chini yaliwaita wale watu kwa neno la matusi, maana yake uchafu usiotakasika. Nikisema najisi, nawagusa watu na dini zao. Nikitumia jina la kabila lolote la huku kwetu, ukumbi utacheka na benchi moja litanuna. Nikaamua kuwaita watu wa bondeni, basi. Lakini nilipowasemea matajiri wa mji, nililisema neno bondeni kama unavyotema kokwa.

Jumatano ilianza vibaya. Dakika za mwanzo vijana walipiga miluzi. "DJ, peleka mbele! Wapi mapigano?" Kulikuwa na dereva wa bodaboda mmoja, mkubwa wa mwili, ambaye alikuwa anakaa benchi la mbele siku zote, na sauti yake ndiyo iliyoongoza ukumbi. Akisema muvi mbovu, mbovu. Nilimsikia akisema, "Hii ni muvi ya kufagia, jamani," na watu wakacheka.

Kisha baba akasimama getini kwa mara ya kwanza. Nilimpa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika. "Mwalimu, fagio?" Na mwalimu akajibu. Sikuongeza hata neno moja la DJ pale. Niliacha kimya. Na kile kimya kikaingia ukumbini na kukaa. Nilimsikia mtu mmoja akinong'ona, "Anamjua. Anamjua yule ni baba yake," na mwingine akamwambia anyamaze.

Kuanzia hapo hakuna aliyepiga mluzi. Mwenyekiti wa shule alipoyapiga teke mafagio ya yule mzee, na mwalimu akasimama dirishani anatazama asifanye lolote, watu walipiga kelele kana kwamba anawasikia. "Toka nje, mwanamke! Toka!" Mwingine akajibu, "Akitoka amekwisha!" Waligombana wao kwa wao na picha inaendelea, nami nikalazimika kupandisha sauti juu ya ugomvi wao.

Mwishoni yule baba anafia mjini, pale pale getini, na hakuna mtu wa mjini anayekubali kumgusa. Mwalimu anatoka ofisini, anachukua ndoo ya maji, anakatiza barabara kuu ya mji akiwa na nguo zake za ualimu. Watu wanamwuliza, "Mwalimu, unakwenda wapi na ndoo hiyo?" Anajibu, "Nakwenda kumwosha baba yangu." Halafu wanamfukuza kazi, wanamtupia vitu nje, na picha ya mwisho ni yeye barabarani na kifurushi chake kichwani. Hapo muvi inakwisha.

Mzee alipowasha taa nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Yule dereva mkubwa alikuwa amejifuta uso kwa kofia yake na anajifanya anatafuta funguo za pikipiki chini ya benchi.

Hawakwenda nyumbani. Walisimama nje, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza maandazi na chai ya rangi mbele ya banda letu, wakabishana. Nami nilikuwa nimesharudi dirishani, nasikia yote.

"Kosa ni la mwalimu," alisema fundi mmoja. "Unamkana baba yako mbele ya macho yake?"

"Na wewe ungefanyaje?" akajibu dereva. "Ungesema wewe ni wa bondeni, ukose kazi, ukose mke, ukose hata maji?"

"Mimi ningesema."

"Wewe? Wewe uliyemwambia mkwe wako kwamba kwenu mna ng'ombe?"

Wakacheka. Mzee wetu hakucheka. Alikuwa anafunga mlango, akasema kama anajisemea, "Mimi kinachonishinda ni kitu kimoja. Kuosha maiti kwetu ni thawabu. Mtu anayemstiri maiti wako, unamtenga kwa lipi?"

"Hata kwetu Wakristo," akasema mama wa maandazi, ambaye muvi hakuiona, alikuwa ameisikia tu kupitia ukuta wa mabati. "Ila mzee, na sisi tunao. Binti yangu alipoposwa, watu walikuja kunong'ona kwamba bwana harusi bibi yake ni mchawi. Bibi wa watu hajawahi hata kuua kuku. Tuliahirisha harusi. Sijui nani alituambia tuahirishe. Tuliahirisha tu."

Akamimina chai.

Kesho yake walirudi kuiomba. Nilidhani ni utani. Wiki iliyofuata waliiomba tena, na sasa wakaja na watu wengine. Mwalimu wa sekondari alikuja, akakaa nyuma. Wanawake wa sokoni wakaja dirishani kuuliza kama kuna siku ya mchana, maana banda jioni lina wanaume watupu. Vijana wa bodaboda wakaanza kuitana watu wa bondeni, kwa kujigamba. "Tupisheni, sisi ni watu wa bondeni, tutawazika nyote." Mmoja akaandika hivyo nyuma ya pikipiki yake kwa rangi nyekundu. Watu walioijia kwa mara ya pili waliingia kana kwamba safari hii mwalimu atafanya vingine. Kuna mpiga debe mmoja aliyekuwa anasema kwa sauti kila ikifika pale getini, "Leo nunua, mwanangu. Nunua tu fagio." Na hakununua.

Walilaumu pia. Mzee mmoja msikitini alimwambia bosi wangu kwamba mwanamke haoshi maiti ya mwanamume, iweje tunaonyesha hivyo. Bosi akamjibu kwamba ni desturi za watu wa huko, na kwamba hata wao wangemwachia mwanamume yeyote wa mjini, ila hakujitokeza mtu. Yule mzee akafikiri, akasema, "Hapo sasa umenifunga." Jioni akaja kuitazama.

Na kila mtu alimsifia yule jamaa. Hapo ndipo utamu ulipoanza kuniwasha. Siku moja nipo dirishani, yule dereva mkubwa ameegemea ukuta anakunywa chai, mama wa maandazi akasema, "Huyo DJ wenu anaujua uchungu wa mwanamke. Akisema yale maneno ya mwalimu, mimi nasisimka."

"Ndiyo kipaji," akasema dereva. "Mwanaume mwenye kifua. Mwanamke hawezi kazi ile, mama. Angelia katikati, muvi ingesimama."

Nilikuwa nimeshika flashi ya mtu. Niliishika mpaka ikanichoma kiganja. Nililia nilipoitazama mara ya kwanza, ni kweli. Na nimeitafsiri mara zote hizo na haijawahi kusimama. Nilitaka kumwambia. Nikamwangalia mzee aliyekuwa ameketi mlangoni, naye akaangalia pembeni.

Siku ya mchana ikapangwa, Jumamosi. Sijawahi kuona banda limejaa vile. Wanawake walikaa upande mmoja na vitoto mgongoni, wanaume upande mwingine, na waliokosa mabenchi walikalia ndoo na matofali. Mama wa maandazi aliifunika meza yake kwa kitenge na kuingia ndani kwa mara ya kwanza, akakaa mbele. Nilianza vizuri. Baba akasimama getini, akauza mafagio yake, mafagio yakapigwa teke, watu wakapiga kelele, yote kama kawaida. Halafu umeme ukakatika.

Hilo si jambo kubwa Songea. Mzee akawasha jenereta, runinga ikarudi, watu wakashangilia. Lakini kwenye kichumba changu palitoka mlio kama wa kikaango, kisha harufu ya waya kuungua. Amplifaya ilikuwa imekufa. Nikaongea kwenye maiki, hakuna kitu. Ukumbini walikuwa wanaiona picha na kusikia lugha ya watu, kwa mbali, kutoka kwenye runinga yenyewe. Baba ndio anaanguka getini.

"DJ! DJ, tunakupoteza!"

"Sauti!"

Mzee akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimamisha picha kwa rimoti. Jasho linamtoka. "Niahirishe?"

Kutoka upande wa pili nikamsikia dereva. "Jamaa, toka uje mbele! Sauti yako inatosha, huna haja ya maiki!" Na ukumbi mzima ukadakia, wanapiga makofi kwa pamoja, "Jamaa, toka! Jamaa, toka!"

Nikamwangalia mzee. "Baba, naenda."

"Ukitoka umetoka, binti. Hakuna kurudi humu."

"Najua."

Hakunizuia. Alitoa leso mfukoni, akanipa, nadhani hata yeye hakujua anipe ya nini. Nikafunua pazia.

Nilikuwa nimevaa sketi ndefu na kilemba, kama siku zote. Makofi yalipungua, wakawa wanatazama nyuma yangu kumsubiri mwanamume. Mtu mmoja akasema, "Dada wa flashi, mwambie jamaa atoke." Kicheko kikapita. Nilisimama kando ya runinga, nikamwashiria mzee aachie picha. Ikaendelea. Watu wa mji wamemzunguka yule baba aliyelala chini, hakuna anayemsogelea, na mmoja wao anaongea.

Nikasema, "Msimguse. Huyo ni wa bondeni."

Nilisema kwa sauti yangu yote, ile niliyozuiwa kanisani.

Kwanza palitokea mtu akacheka kwa sauti, akasema, "Dada anamwigiza jamaa!" Kisha kicheko chake kikakatika katikati. Nikaendelea na mtu wa pili, na wa tatu, na polisi, kila mmoja na sauti yake waliyoizoea, na nikawaona wanaelewa, benchi baada ya benchi, kama mvua inavyokuja kutoka milima ya Matogoro, unaiona inafunika paa moja baada ya lingine. Vijana wawili wakasimama, wakasema tumedanganywa, wakatoka. Mwingine akaanza kupiga mluzi.

Mama wa maandazi akageuka kwenye benchi. "Nyamazeni! Tunataka kusikia!"

Wakanyamaza. Mwalimu akatoka ofisini na ndoo yake. Akaanza kukatiza barabara. Nikauliza kwa sauti ya mwenyekiti wa shule, "Mwalimu, unakwenda wapi na ndoo hiyo?"

Na nikajibu. Siku zote nilikuwa nalisema jibu lile kwa huzuni. Siku ile halikutoka kwa huzuni. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu ambao walikuwa wakinisikia kila siku bila kuniona, na likatoka kama mtu anayejitambulisha kwenye mkutano. "Nakwenda kumwosha baba yangu."

Vigelegele vilianzia upande wa wanawake. Sijui vilikuwa vya mwalimu au vyangu, na nadhani hata waliovipiga hawakujua. Wanaume wakapiga makofi juu ya mabati ya ukuta mpaka watoto wakaamka na kulia. Nililazimika kusubiri. Nilipomaliza, na mwalimu amebaki barabarani na kifurushi chake, hakuna aliyeinuka.

Yule dereva mkubwa alisimama polepole, kofia mkononi.

"Dada. Kwa hiyo kipindi chote hicho... yule jambazi wa Jumatatu alikuwa wewe?"

"Mimi."

"Na yule mganga mwenye kikohozi?"

"Mimi."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Akasubiri kiishe, akasema kwa sauti, waliokuwa nje nao wasikie, "Jamani, mimi nilisema mwanamke hawezi kazi hii. Nilisema pale kwenye chai, mama huyu ni shahidi. Nimefuta." Akaketi. Fundi aliyekuwa ananywa komoni na yule jamaa aliangalia chini kwa muda mrefu sana.

Jumatatu mzee aliandika mwenyewe kwa chaki kwenye ubao wa nje, jina la muvi, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za muvi, "Mtafsiri ni dada." Wateja wachache walitukimbia, nisidanganye. Wengine walikuja kunichungulia, kama alivyotabiri, wakachoka siku ya pili maana nilikuwa natoa kazi na si uso. Wanawake walibaki. Tuliiweka Jumamosi mchana iwe yao. Pazia la bluu mzee alilishusha, akalikata, akatengenezea kiti changu mto.

Habari zikafika kijijini haraka kuliko basi. Mama akapiga simu.

"Nimesikia unapiga kelele mbele ya wanaume."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapiga kelele?"

"Natafsiri picha, mama."

Nikasikia kuku wake. "Na wao wanakusikiliza?"

"Wananisikiliza."

"Basi ongea," akasema. "Na ule kabla ya kuongea, sauti ile inataka chakula." Alivyokata simu nilicheka peke yangu njiani mpaka watu wakanipisha.

Kabla ya msimu wa korosho mzee aliniambia anataka kwenda kwao Namasakata na ile muvi. Alikuwa ameazima projekta. Mkewe alikwenda nasi, ili pasiwe na maneno. Kule tulipewa ghala la korosho lililokuwa tupu bado, tukafunga milango mchana kweupe, tukatundika shuka jeupe ukutani, na wanawake wakaja na mikeka yao. Wazee walipewa viti. Nilizunguka nikiwaamkia, shikamoo, shikamoo, na niliposikika nikaona wanatazamana kwa sauti ile.

Mzee alisimama mbele ya shuka, na nuru ya projekta ikimpiga kifuani. Alianza kwa salamu zake, wakaitikia. Akasema, "Huyu ni binti yangu wa Songea. Ndiye mtakayemsikia. Ni yeye, hakuna mwingine nyuma."

Nikaanza. Watu wengi pale Kiswahili ni lugha yao ya pili, na nilijifunza siku ile kupunguza mwendo, kuyaacha maneno yakae. Walikasirika mahali tofauti na Songea. Mwalimu aliposema wazazi wake wamekufa, wanawake walishika vichwa. Lakini pale getini walikuwa kama watu wa Lizaboni kabisa. "Mwalimu, fagio?" Ghala zima likashusha pumzi.

Ilipokwisha, bibi mmoja aliyekuwa kwenye mkeka wa mbele alinyoosha mkono, akaongea kwa Kiyao, maneno mengi, ananitazama mimi. Wanawake wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi Kiyao sikijui. Nikageuka kwa mzee, safari hii mimi ndiye nasubiri kutafsiriwa.

Mzee alikuwa anatabasamu, machozi yanamlenga.

"Anauliza, yule mwalimu pale barabarani amepata pa kulala? Kama hajapata, mwambie aje hapa. Shule yetu haina walimu wa kutosha, na yeye bibi ana chumba."